Vuli, Mavuno na Sikukuu: Majina ya Majira katika Kiswahili cha Pwani ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, kati ya Septemba na Novemba, miji mingi ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini huandaa sherehe za mavuno katika bustani za umma. Wazazi huenda na watoto wao kutazama maboga na matufaha, kuonja vyakula vya msimu na kucheza chini ya miti ambayo majani yake yamegeuka rangi na kuanza kupukutika. Sherehe hizo husimuliwa katika vitabu vya watoto, katika masomo ya lugha na katika matangazo. Habari zake zinapofasiriwa kwa Kiswahili, jina linalomjia mfasiri kwa wepesi ni "sikukuu ya mavuno ya vuli".

Kisarufi, kirai hicho hakina dosari. Maneno yake yote ni ya Kiswahili na mpangilio wake ni sahihi. Hata hivyo, msomaji wa Boko, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, akikisoma ataelewa jambo ambalo mwandishi wa matini chanzi hakulikusudia. Makala hii inachunguza kwa nini iwe hivyo. Inaanza na maana ya neno vuli katika mfumo wa majira ya pwani, inaendelea na kazi ya a-unganifu katika virai vya aina hiyo, kisha inatazama jinsi sikukuu za mavuno zilizopo Tanzania zinavyopewa majina. Hoja yake kuu ni kwamba majina ya majira katika Kiswahili yamejengwa juu ya mvua na upepo. Kwa hiyo, mfasiri anayelinganisha miezi peke yake huvuruga kalenda nzima ya kazi iliyobebwa na neno moja.

2.0 Vuli katika mfumo wa majira ya pwani

Mwaka wa mkulima wa pwani ya kaskazini ya Tanzania una misimu miwili ya mvua. Masika, ambayo ndiyo mvua kubwa, hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Vuli, mvua ndogo, hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na si ajabu ikakatika kabla mazao hayajakomaa. Baada ya masika huja kipupwe, wakati wa baridi na ukavu wa Juni hadi Agosti. Baada ya vuli huja kiangazi cha Januari na Februari. Sambamba na mvua hizo kuna pepo mbili kuu: kusi, inayotawala tangu Aprili hadi karibu na Oktoba, na kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi. Nahodha wa jahazi na mkulima wa mpunga walisoma mwaka ule ule, mmoja kwa tanga na mwingine kwa jembe.

Mfumo huu haujaenea nchi nzima. Mikoa kama Dodoma, Mbeya, Ruvuma, Lindi na Mtwara hupata mvua katika kipindi kimoja kirefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa "mvua za vuli" na "mvua za masika" kwa maeneo yenye misimu miwili, na utabiri wa "mvua za msimu" kwa maeneo yenye msimu mmoja. Katika matumizi hayo ya kitaalamu, vuli ni istilahi yenye mipaka dhahiri ya mahali na ya miezi.

Chanzo cha kuilinganisha vuli na majira ya kupukutika majani hakihitaji kutafutwa mbali: ni miezi. Oktoba na Novemba huangukia katika majira yote mawili. Lakini ulinganisho huo hausimami hata ukipimwa kwa jiografia. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Katika nusu ya kusi ya dunia, majira ya kupukutika majani hupangwa kati ya Machi na Mei, na Oktoba hadi Novemba ni majira ya kuchipua. Kwa kipimo hicho, majira ya pwani yanayokutana na kupukutika majani ni masika.

Miti yenyewe inatoa ushahidi huo huo. Mbuyu, mti unaofahamika sana pwani, hupukutisha majani wakati wa ukavu na kuchipua mvua zinapokaribia. Mtoto anayefundishwa kwamba vuli ni wakati wa majani kuanguka anafundishwa kinyume cha anachokiona nje ya darasa.

Watangulizi wa fani ya tafsiri hawakukosa kuliona jambo hili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaieleza vuli kwa kurejelea mvua ndogo. Vivyo hivyo, waliofasiri Biblia katika Kiswahili cha Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walipokutana na mvua mbili za nchi ya Palestina katika Kumbukumbu la Torati 11:14, walitumia jozi ya masika na vuli. Huko walilinganisha mvua na mvua, ingawa kalenda ya Palestina si kalenda ya pwani. Walichokihifadhi ni kazi ya mvua katika maisha ya mkulima, nacho ndicho kiini cha maana ya maneno hayo.

3.0 Kazi ya a-unganifu katika "mavuno ya vuli"

Tatizo la kirai kinachochunguzwa haliishii kwenye neno vuli. Lipo pia katika kiungo kidogo kinacholiunganisha na mavuno. A-unganifu huonyesha mahusiano mengi, na mawili kati yake yanahusika hapa. La kwanza ni uhusiano wa wakati: "baridi ya kipupwe" ni baridi inayokuwapo wakati wa kipupwe, na "joto la kiangazi" ni joto la wakati huo. La pili ni uhusiano wa chanzo: "maji ya mvua" ni maji yaliyotokana na mvua, hata kama yanatekwa pipani mwezi mzima baada ya mvua kukatika.

Nomino mavuno inapofuatwa na jina la msimu wa mvua, uhusiano unaotawala ni wa chanzo. "Mavuno ya masika" hayafanyiki masika. Ni mazao yaliyopandwa na kukuzwa kwa mvua za masika, na huvunwa mvua hizo zikishapita, kuanzia Juni na kuendelea, nafaka inapokuwa imekauka. Hakuna mkulima anayetamani kuvuna mvua ikinyesha, kwa kuwa mpunga uliolowa huota na mahindi huingia ukungu. Kwa mantiki hiyo hiyo, "mavuno ya vuli" ni mazao yaliyopandwa kwa mvua za Oktoba na Novemba, ambayo huvunwa Januari na Februari. "Mahindi ya vuli" nayo hueleweka hivyo hivyo.

Matokeo yake ni kwamba matini chanzi inazungumzia sherehe ya Oktoba, na matini lengwa inampeleka msomaji wa pwani Januari au Februari. Umbali huo wa miezi mitatu au minne si kosa dogo, lakini kosa kubwa zaidi ni la hali. Oktoba ya kaskazini ni mwezi wa shibe: ghala limejaa na kazi imekwisha. Oktoba ya pwani ni mwezi wa kusafisha shamba, kutazama mawingu na kutenga mbegu, na akiba ya masika imeanza kupungua. Dalili ya mvua ni mawingu, na anayeyatazama mawingu hayo yuko mwanzoni mwa kazi yake.

Inaweza kupingwa kwamba hata vuli ina mazao yake yanayopatikana wakati ule ule. Ni kweli. Maembe huanza kuiva kwa wingi kuanzia Novemba, na msimu wa korosho huanza karibu na Oktoba. Hata hivyo, wasemaji wa pwani aghalabu huuita wakati huo "msimu wa maembe" au "msimu wa korosho". Neno mavuno, likitumika peke yake, huelekeza fikra kwenye nafaka. Sababu yake inaonekana vizuri zaidi katika vitenzi.

4.0 Vitenzi vya kuvuna, shamba na bustani

Kiswahili cha pwani hutenganisha tendo la kupata mazao kwa kufuata umbo la mmea na namna mkono unavyoufikia. Mpunga huvunwa au hukatwa. Mahindi huvunwa au huvunjwa. Muhogo na karanga hung'olewa. Nazi huanguliwa, na maembe huanguliwa au huchumwa. Karafuu, kunde na kisamvu huchumwa. Korosho huokotwa. Asali hurinwa. Kuvuna ndicho kitenzi kinachoweza kuyajumlisha mengi ya matendo haya, lakini makao yake ya asili ni shamba la nafaka.

Tofauti hiyo inakwenda pamoja na tofauti ya mahali. Shamba ni pahali pa chakula cha mwaka mzima. Bustani, neno lililoingia kutoka Kiajemi, ni pahali pa mboga, maua, kivuli na mapumziko. Bustani ya mboga huchumwa kila siku kidogo kidogo, kwa hiyo haina siku moja ya kuvuna inayoweza kugeuzwa sikukuu. Bustani ya umma ndiyo iko mbali zaidi na chakula. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann, ilikusudiwa kujaribia mimea ya biashara ya utawala wa Kijerumani. Ilipobadilika ikawa mahali pa kupumzikia katikati ya mji. Katika historia hiyo hakuna hatua ambapo familia za mji ziliitegemea kwa nafaka. Kwa hiyo, "sikukuu ya mavuno bustanini" inaunganisha maneno mawili ambayo katika matumizi ya pwani hayajazoea kukaa pamoja. Hilo halizuii sherehe yenyewe kufanyika, ila linamtaka mwandishi aeleze ni mavuno gani na yametoka wapi.

Pamoja na vitenzi hivyo, ipo familia nyingine ya maneno inayohusu mwanzo wa kula. Kulimbuka ni kula mazao mapya kwa mara ya kwanza, na malimbuko ni mazao hayo ya kwanza. Pepeta ni chakula cha mpunga usiokomaa sawasawa, unaokaangwa na kutwangwa kabla ya mavuno yenyewe kuanza. Maneno haya yanaonyesha kwamba sherehe ya mavuno, kwa asili yake, ilikuwa jambo la kaya. Watoto walioamia ndege juu ya dungu, wanawake waliokata mpunga na wazee walioamua siku ya kuanza walikutana katika chungu kimoja. Hapo neno familia halikuhitaji kuongezwa kwenye jina la sherehe, kwa kuwa bila familia hapakuwa na mavuno.

5.0 Majina ya sikukuu za mavuno zilizopo

Zikitazamwa sikukuu zinazohusiana na mavuno nchini, inadhihirika kwamba nyingi huangukia kipupwe, na kwamba hakuna iliyopewa jina la vuli.

Miongoni mwa Wasukuma, sherehe za Bulabo hufanyika mwezi Juni baada ya mavuno. Bujora, karibu na Mwanza, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana huko mbele ya umati, na sherehe yenyewe imeungana na sikukuu ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki. Jina lake linatokana na neno la Kisukuma linalomaanisha maua. Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa mwezi Julai kwa kufuata kalenda ya Nairuzi, yenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumikumi. Kalenda hiyo ilihitajika kwa sababu mwaka wa Kiislamu, unaofuata mwezi mwandamo, hupungukiwa na mwaka wa jua kwa takriban siku 11. Idi huzunguka majira yote, nayo haiwezi kumwambia mkulima lini apande. Mwaka Kogwa ni sikukuu ya mwaka mpya, lakini mahali pake baada ya masika panaonyesha mwaka huo unahesabiwa kutoka wapi.

Makanisa nayo yana "Sikukuu ya Mavuno". Desturi ya ibada ya namna hiyo ilipata nguvu Uingereza katika karne ya 19, na ibada iliyoandaliwa mwaka 1843 na kasisi Robert Stephen Hawker huko Morwenstow, Cornwall, hutajwa mara nyingi kuwa mfano wake wa mwanzo. Ilipofika Afrika Mashariki, ilipata jina lisilotaja majira yoyote. Neno mavuno lilitosha, na usharika ukabaki huru kupanga tarehe inayolingana na mashamba yake. Katika sharika za mjini sikukuu hiyo imepata sura mpya: waumini huleta kuku, ndizi, nazi na mbuzi waliowanunua sokoni, na vitu hivyo huuzwa kwa mnada baada ya ibada. Mavuno hapo yamekuwa fedha, ila jina limebaki la shambani.

Sikukuu za kitaifa zilifuata njia ya tatu, yaani njia ya tarehe. Saba Saba hukumbuka kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa pia siku ya wakulima. Katika miaka ya 1990 Sikukuu ya Wakulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti, ikaitwa Nane Nane, na Saba Saba ikabaki na maonyesho ya biashara katika viwanja vya Barabara ya Kilwa, Temeke. Maonyesho ya Nane Nane hufanyika kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti katika kanda mbalimbali. Kanda ya Mashariki, inayojumuisha Dar es Salaam, Pwani, Morogoro na Tanga, hukutana Morogoro, na vipo viwanja vingine kama Nzuguni mjini Dodoma, John Mwakangale mjini Mbeya na Nyakabindi mkoani Simiyu.

Jina la tarehe lina faida ambayo jina la majira lisingekuwa nayo. Mwanzoni mwa Agosti, mkulima wa pwani amekwisha kuvuna mazao ya masika na mkulima wa Mbeya amekwisha kuvuna mazao ya msimu. Nane Nane inawakutanisha bila kumlazimisha yeyote kutumia jina la mvua za mwenzake. Pamoja na hayo, jina la tarehe lina hasara yake: halisemi chochote kuhusu shamba. Mtoto wa mjini anaweza kuijua Nane Nane kuwa siku ya mapumziko na maonyesho ya matrekta, asijue kwa nini ikawekwa Agosti.

6.0 Boko: kutoka shamba hadi kiwanja

Boko ni mahali panapofaa kulipima jambo hili. Eneo hilo la Kinondoni lipo kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kati ya Tegeta na Bunju, si mbali na kiwanda cha saruji cha Wazo kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Ni sehemu ya nchi ya Wazaramo. Bunju, jirani yake, ndiko mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikofanyia utafiti katika miaka ya 1960, uliozaa kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu miviga na ishara katika jamii ya Wazaramo. Kwa watu wa mjini wa wakati huo, kwenda huko kulikuwa kwenda shamba: kwenye minazi, mikorosho, miembe na muhogo.

Jiji limelifikia shamba hilo. Kwa mujibu wa sensa, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Mashamba yamekatwa viwanja na viwanja vimejengwa nyumba, lakini miti haikuondoka yote. Mwembe wa shambani sasa upo ndani ya ukuta, na mnazi unaanguliwa kwa tahadhari ili nazi isiangukie gari. Muhogo huota kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajaanza kujenga. Vitenzi vya sehemu ya 4.0 bado vinatumika, ila vinatumika uani.

Ichukuliwe basi kwamba wakazi wa Boko wanataka kuandaa sherehe ya familia ya mavuno katika eneo la wazi la mtaa wao. Wakiifanya Julai au Agosti, watakuwa na mpunga mpya, mahindi na kunde kutoka mashamba ya Bagamoyo na Morogoro, na jina "sikukuu ya mavuno" litaeleweka bila nyongeza. Wakiifanya Desemba, watakuwa na maembe ya nyumbani kwao, na jina litakaloeleweka ni "sikukuu ya maembe". Wakiifanya Oktoba kwa kufuata mfano wa kaskazini, watakuwa na mbegu na miche. Sherehe hiyo itakuwa ya kupanda. Kila moja ya sherehe hizo ina maana yake, na kila moja inaweza kumfundisha mtoto jambo la kweli kuhusu chakula chake. Ni jina "sikukuu ya mavuno ya vuli" peke yake ambalo, likitundikwa Oktoba, litamfundisha jambo lisilo kweli.

7.0 Hitimisho

Neno vuli lina kazi ambayo neno jingine haliwezi kuifanya badala yake. Vuli ya mwaka 1997 na ile ya mwaka 2023, zote zikiambatana na El Niño, zilileta mvua zilizozidi kiasi na mafuriko katika sehemu nyingi. Tahadhari ya namna hiyo humfikia mkazi wa bondeni na mkulima kwa neno hilo hilo moja. Vizazi vya shule vikijifunza kwamba vuli ni majira ya majani makavu na maboga, tahadhari itakuwa imepoteza chombo chake.

Kwa sababu hiyo, makala hii inapendekeza mambo matatu kwa wafasiri na waandishi wa vitabu vya kiada. Kwanza, majira ya nchi za kaskazini yatajwe kwa maelezo, yaani "majira ya kupukutika majani", na vuli iachiwe mvua zake. Pili, panapohitajika kutaja sherehe ya mavuno ya nchi hizo, jina "sikukuu ya mavuno" litumike peke yake na mwezi utajwe pembeni, kama makanisa yalivyoacha kutaja majira. Tatu, vitenzi vya kuvuna na maneno ya kulimbuka yaingizwe katika masomo ya watoto wa mijini kwa kufuata mazao wanayoyaona: embe la kuangua, kisamvu cha kuchuma, muhogo wa kung'oa. Maneno hayo bado yanasemwa katika nyua za Boko, na kuyakusanya sasa ni kazi nyepesi kuliko itakavyokuwa mwembe wa mwisho utakapokatwa.